Kemia ya mazingira: ukae maabara au uende fildi?

Ukisomea kemia ya mazingira kazi ziko nyingi ila kwa anayeanza njia kubwa ni hizi mbili. Maabara inataka mtu mtulivu, unaletewa chupa za maji unapima sumu kama risasi (ile metali, lead), zebaki, aseniki, na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri aseniki kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiasi kidogo mno, yaani chombo kikiwa na uchafu kidogo tu umeshatoa majibu ya uongo na kuna watu watayanywa hayo maji.

Fildi sasa, yaani kutoka nje kuchukua sampuli, ndo moyo wangu ulipo. Jua lako, tope lako, ila sampuli ikiharibikia huko hakuna mashine ya kuiokoa. Ya kupima metali unatia asidi ya nitriki mpaka pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ishuke chini ya 2 ili metali zisinate kwenye kuta za chupa, ya naitreti (aina ya naitrojeni iliyomo hata kwenye mbolea) unaiweka kwenye barafu na kuiwahisha maabara kabla bakteria hawajaibadilisha. Mshahara unategemea zaidi mwajiri. Mimi ningesema anza fildi kwanza, hata mwaka mmoja, halafu ndo uingie maabara.