Uzoefu Wangu wa Kumsoma Li Qingzhao kwa Kiingereza

Kitabu ninachokieleza hapa ni The Works of Li Qingzhao, kazi za mshairi mwanamke wa China ya kale, katika tafsiri ya Ronald Egan iliyotolewa na De Gruyter mwaka 2019. Nianze na jambo litakalomfaa msomaji wetu mara moja: kitabu kizima kinapakuliwa bila malipo, tena kwa idhini ya mchapishaji mwenyewe. Kichina kimewekwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mimi sisomi Kichina, lakini kuyatazama maandishi yale yalivyopangwa kumenisaidia kuona jinsi shairi lilivyo fupi kabla mfasiri hajalinyoosha kwa viunganishi vya Kiingereza.

Li Qingzhao alizaliwa mwaka 1084 katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Shandong, akaolewa na Zhao Mingcheng mwaka 1101, na kwa miaka mingi wakakusanya vitabu, michoro, vyombo vya kale na nakala za maandishi yaliyochongwa katika mawe na shaba. Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen, watu kutoka kaskazini, yaliuteka Kaifeng, mji mkuu wa nasaba ya Song iliyoitawala China, nao wakawa miongoni mwa umati uliokimbilia kusini. Miaka miwili baadaye mume alifariki. Sifa ya Li Qingzhao kama mtunzi inatokana zaidi na ci, nyimbo zinazotungwa kwa kufuata mahadhi yaliyokwishakuwapo, kila mahadhi yakiwa na urefu wake wa mistari na mpango wake wa vina. Aliyelelewa katika bahari za ushairi wa Kiswahili hatahitaji kuelezwa kwamba kanuni kali namna hiyo hazimzuii mtunzi kusema lililo moyoni.

Kilichonifanya nikithamini kitabu hiki kuliko vingine ni uangalifu wake kuhusu shairi lipi ni la nani. Diwani ya asili ilipotea. Nyimbo tulizonazo zimesalia katika mikusanyo ya watu wengine: mkusanyo mmoja wa mwaka 1146, yeye akiwa bado hai, una 23, na karne zilizofuata ziliendelea kumwongezea nyingine, nyingi zikimwonyesha jinsi wasomaji walivyopenda kumwona, mke mpweke anayemlilia mumewe chumbani. Egan amezipanga kwa kufuata chanzo cha kwanza cha kila wimbo, hivyo msomaji anajua yuko umbali gani kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Awali nilikuwa nimeisoma tafsiri ya Kenneth Rexroth na Ling Chung ya mwaka 1979, iliyoyapanga mashairi kwa hali za maisha, kuanzia ujana hadi uzee. Ni tafsiri tamu, na Kiingereza chake kina mdundo ambao Egan hana. Lakini mpangilio ule unamfanya msomaji aamini kwamba kila wimbo ni ukurasa wa shajara, jambo ambalo ushahidi hauliruhusu.

Sehemu ya nathari ndiyo iliyonishika zaidi. Katika maelezo aliyoyaandika mwishoni mwa kitabu cha mumewe kuhusu maandishi ya kale, anasimulia walivyokuwa wakishindana baada ya chakula kukumbuka jambo fulani liko katika kitabu gani, ukurasa gani na mstari gani, mshindi akinywa chai kwanza, na mara nyingi wakicheka hadi chai ikawamwagikia mapajani. Kisha vita vinaingia. Magari 15 ya vitabu yanapelekwa kusini. Vyumba zaidi ya kumi vya mali iliyobaki vinateketea. Mume, akiwa ukingoni mwa mto na mke yumo mashuani, anampigia kelele aanze kuacha mizigo, halafu nguo, halafu vitabu, halafu vyombo vya kale, ila vile vya tambiko avibebe mwenyewe, aishi au afe navyo. Nilikisoma kipande hicho polepole, kwa sababu mwandishi hajipambi wala haombi kuhurumiwa.

Imo pia barua kuhusu ndoa yake ya pili ya mwaka 1132. Alimshtaki mume huyo serikalini muda mfupi baada ya kuolewa, naye akawekwa gerezani siku tisa, kwa kuwa sheria ilimwadhibu mke aliyemshtaki mumewe hata kama mashtaka yalikuwa ya kweli. Wanazuoni wa baadaye walijitahidi kuikana ndoa hiyo ili kuilinda heshima yake. Naona barua yenyewe inamheshimu zaidi.

Kuhusu tafsiri, Egan anachagua maana kuliko sauti. Wimbo maarufu wa Shengsheng man unaanza kwa silabi 14 zilizorudiwa mbilimbili, na hapo Kiingereza chake kinaeleza huzuni bila kuifanya isikike. Katika shairi fupi kuhusu Xiang Yu, shujaa aliyekataa kuvuka mto na kukimbia, usahili wake unafaa kabisa: uishi kama mkuu wa watu, ufe kama mkuu wa mizimu, maneno mazito mbele ya serikali iliyokuwa imekimbilia kusini.

Katika simu, kurasa mbili zinazotazamana hazionekani pamoja, kwa hiyo ni bora kukisoma kwenye kompyuta. Msomaji mpya aanzie kwenye nathari, ndipo arudi kwenye nyimbo. Anayetaka kuwasikia watunzi wanawake wengine wa China ya kale atafute mkusanyo mnene wa Kang-i Sun Chang na Haun Saussy, uliotolewa na Stanford University Press mwaka 1999.