Leseni ya mkusanyaji silaha ya dola 30: uzoefu wangu wa miaka miwili, Texas

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza. Alipigana Bama (Burma) katika Vita Kuu ya Pili, na mpaka anafariki Tanga aliweza kuieleza bunduki yake kipande kwa kipande, jinsi mfugaji anavyomweleza ng'ombe wake: risasi kumi ndani ya kasha, komeo linaloteleza kufunga nyuma ya mtutu, mkanda uliomchuna bega siku za mvua. Nilipopata ukaazi wa kudumu na kuhamia Texas nikasema nitaitafuta bunduki ya aina ile niishike mwenyewe. Nilidhani ni suala la pesa tu, kumbe pesa ndiyo sehemu nyepesi.

Kabla ya leseni, jueni tarehe, maana hapa Marekani kila kitu kinaanzia kwenye tarehe ya kutengenezwa. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 1968 haihesabu kuwa silaha ya moto bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Unainunua kama unavyonunua saa ya ukutani, na mjumbe anakuletea mlangoni. Hiyo ni sheria ya shirikisho; majimbo yana yao, na mengine ni makali zaidi, kwa hiyo soma za kwako kwanza. Kundi la pili ni silaha zilizotimiza miaka 50 na kubaki katika umbo lake la asili. Hizo ni silaha kamili kisheria, ila mkusanyaji mwenye leseni anazipata kwa njia fupi. Zilizobaki ni za kisasa, nazo zikitoka jimbo jingine zinapitia dukani, upende usipende.

Mimi nilianza na kundi la kwanza kwa kununua Mauser ya 1871. Mtoto wa Tanga ataelewa kwa nini. Novemba 1914 Waingereza walipoteremka pale kwetu na jeshi kubwa kutoka India, askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki hizi kuukuu, za risasi moja moja, zinazotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomfichua aliyefyatua, na bado Waingereza walirudi melini wakaacha mamia ya bunduki zao ufukweni. Hadithi hiyo niliisikia utotoni kabla sijajua kusoma. Yangu ilifika na mafuta mazito yaliyoganda, rangi ya asali iliyoungua, yamejaa hata ndani ya matundu ya skrubu. Nilishinda Jumapili mbili na vitambaa na mswaki wa meno. Siku mtutu ulipong'aa ndani na mistari yake ikaonekana inavyozunguka kama ngazi ya mnara, nilimwita mke wangu aje aone.

Neno moja kwa wanunuzi wenzangu. Kuna wauzaji watakaokuambia bunduki fulani ilitoka Afrika Mashariki, na bei ikapanda maradufu. Nunua chuma, usinunue hadithi. Yangu sijui ilipigana wapi, na sikulipa hata senti kwa ajili ya kuambiwa.

Sasa leseni yenyewe. Huku wanaiita C&R (curio and relic, yaani silaha za kale za kukusanya) au Aina 03, inatolewa na ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, na ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu. Nilijaza fomu, nikatuma nakala kwa mkuu wa polisi wa eneo langu kama inavyotakiwa, nikasubiri. Hawakunitaka alama za vidole wala picha. Ilinichukua wiki saba. Mpaka hapo sina lalamiko lolote, na kwa ofisi ya serikali hilo si jambo dogo.

Faida yake utaiona ukinunua kutoka jimbo jingine. Bila leseni, bunduki lazima itumwe kwa duka lenye kibali, nalo linakutoza kwa kuipokea. La karibu nami linatoza dola 40 kila mara. Ukiwa na leseni unamtumia muuzaji nakala uliyoitia saini na bunduki inakuja kwako moja kwa moja. Ununuzi mmoja umerudisha ada. Lakini leseni hii ni ya kukusanya, si ya kufanya biashara. Ukianza kununua na kuuza kutafuta faida umevuka mpaka, unahitaji leseni ya muuzaji.

Wajibu mkubwa ni daftari. Kila silaha inayoingia unaiandika: tarehe, imetoka kwa nani, mtengenezaji, aina, kipimo cha risasi, nambari. Ikiingia leo, mwisho wa kuandika ni kesho siku ya kazi. Ikitoka, unaandika imekwenda kwa nani. Maofisa wana haki ya kukagua mara moja kwa mwaka, na unaweza kuchagua ukaguzi ufanyike ofisini kwao badala ya nyumbani. Mimi bado sijakaguliwa. Daftari langu ni la jalada gumu, nalitunza kama mama alivyotunza daftari la kibati cha mtaani: hakuna kufuta, ukikosea unapiga mstari mmoja na kuandika upya.

Silaha ya kwanza kuingia humo ilikuwa ya aina ile ya babu, Lee-Enfield Namba 4, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, 1943. Nilishinda mnada wa mtandaoni. Tangazo lilisema nambari zote zinalingana. Ilipofika nikaiweka juu ya meza, nikawasha taa, nikaangalia nambari ya shingoni upande wa kushoto, kisha ile iliyogongwa kwenye mkono wa komeo. Tarakimu mbili za mwisho hazikuwa sawa, maana yake komeo lilitoka kwenye bunduki nyingine. Nilirudia mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Picha za tangazo zilionyesha kila upande isipokuwa huo. Muuzaji alijibu kwamba mnada ukifungwa umefungwa, na hakurudisha hata sehemu ya pesa.

Hili si suala la thamani peke yake. Komeo la bunduki nyingine linaweza kuacha nafasi kubwa mno nyuma ya ganda la risasi, na ganda likipasuka, gesi ya moto inarudi usoni kwa mfyatuaji. Nikaipeleka kwa fundi bunduki. Alikuwa na vipimo vidogo vya chuma, akaingiza cha kwanza, komeo likafunga. Akaingiza cha pili, ambacho halikutakiwa kufunga, likafunga pia. Akaniambia nisiifyatue. Bahati nzuri Namba 4 ina kichwa cha komeo kinachobadilishwa, na vilitengenezwa kwa saizi zilizopewa namba. Yangu ilikuwa na 1, akafunga 2, akapima tena, ikakataa kufunga kama inavyotakiwa. Kwa hiyo: omba picha ya nambari ya komeo kabla ya kuweka dau. Muuzaji akisita, achana naye.

Kwa kulinganisha, mwaka jana nilinunua Ruger 10/22, ndogo ya kisasa ya kulengea shabaha. Hapo leseni ya mkusanyaji haina kazi. Unakwenda dukani, unajaza fomu 4473, jina lako linapitishwa FBI. Sisi wenye grini kadi tunaandika pia nambari ya uhamiaji, na uchunguzi unapita mpaka kwenye kumbukumbu za uhamiaji, ndiyo maana usishangae ukiambiwa usubiri wakati mzaliwa anaondoka na yake baada ya dakika kumi. Mimi nilisubiri siku mbili. Muuzaji alinieleza kwa heshima, sikujisikia kushukiwa.

Ndugu zangu, hapa naomba msome polepole. Aliye na viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha ya moto wala risasi. Msamaha upo, kama ule wa mwenye leseni ya uwindaji, lakini usiutegemee kwa maneno ya rafiki, lipa wakili. Na mtumiaji wa bangi haruhusiwi kwa sheria ya shirikisho hata kama jimbo lake limeihalalisha. Kijana akipiga picha na bunduki ya mwenzake kwa mchezo anaweza kujiharibia makaratasi ya maisha yake yote. Majimbo nayo: Illinois wanataka kwanza kadi yao ya FOID, ya mmiliki wa silaha, New Jersey wana kitambulisho chao cha mnunuzi. Texas haina kibali cha kununulia.

Wengine mmeniuliza kama mnaweza kupeleka kitu kama hiki nyumbani. Huo mstari wa 1898 ni wa huku. Tanzania gobore la marehemu babu, hata kama linashindiliwa kwa mdeki na halijalia tangu uhuru, ni silaha inayohitaji leseni, na ukilikuta darini mahali pake pa kwanza ni polisi. Usifunge kitu kwenye sanduku la meli.

Risasi za Mauser huzikuti kirahisi dukani, wanazitengeneza mafundi wachache, nami natumia za baruti nyeusi tu. Nimeifyatua mara tano. Baada ya kila safari ya uwanjani naiosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni usiku uleule, maana masizi ya baruti nyeusi yanakula chuma kabla ya asubuhi.

Dola 30 nitalipa tena leseni ikiisha mwakani. Ile ya babu nilimwonyesha mama kwenye simu. Akaniambia niisogeze karibu, akaitazama kimya, kisha akauliza mkanda wake uko wapi. Haukuja nao. Nautafuta, wa kitambaa, wa miaka ileile.