Nyari ya Marafa: safari tatu, na iliyofaa ni ya demani

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na Nyari, korongo la kijiji cha Marafa, nilikuwa naisikia kwa wageni tu. Kilomita kama 30 kutoka kwangu, watu wanapanda ndege kuja kuiona, mimi sijawahi. Mpaka wifi yangu wa Mombasa alipokuja Januari ya mwaka juzi akanishikia bango: "Wifi, nipeleke kwenye hilo jangwa lenu."

Jangwa si jangwa, tuelewane. Ni korongo lililochimbwa na mvua na upepo, limebakisha minara ya mchanga mgumu, myeupe, ya waridi, ya manjano, mingine myekundu kama tofali. Nyari kwa Kigiriama, nilivyoelezwa, ni pahali palipojivunja penyewe. Ila ukishashuka chini, kivuli huna, upepo huna, na mchanga umekuzunguka pande zote. Hapo ubishi wa jangwa au si jangwa unakwisha.

Tulikodi gari la kampuni moja ya kutembeza watalii hapa mjini. Tuliahidiwa saa mbili asubuhi. Dereva akaja saa tano kasoro, ati alikuwa na wateja wengine wa kupeleka Watamu kwanza. Tukavuka daraja la Sabaki jua liko utosini, tukaingia korongoni saa sita na nusu. Kaskazi hiyo, msimu wetu wa joto, Januari! Kuta zinakurudishia joto usoni, ni sawa na kuinamia tanuu ya mkate wa mofa. Wifi alikuwa amevaa champali. Nusu ya njia akakaa juu ya jiwe, akaruka, akakaa juu ya mkoba wake, akasema hashuki tena hata alipwe. Chupa mbili za maji zilikwisha kabla hatujafika chini. Na zile rangi tulizozifuata? Mchana ule zilikuwa zimepauka zote, picha zangu ni kama za ukuta uliopakwa chokaa. Huku nyuma dereva anapiga honi, ana safari nyingine jioni. Pesa tulilipa kamili.

Mara ya pili ni Mei, kwa tamaa yangu ya bei ya chini. Masika. Gari lilikwama matopeni mara mbili, na kijana wa kutembeza wageni akakataa kutushusha. Nilimkasirikia, lakini alikuwa na haki: udongo ule ukirowa unateleza kama bamia, na mapande yanameguka. Tukachungulia kutoka ukingoni chini ya mwavuli, tukarudi. Basi.

Mwaka jana nikamuuliza jirani yangu, mvuvi mzee, sikumuuliza wakala yeyote. Akaniambia, "Mwanangu, ngoja demani." Yaani kusi, upepo wa katikati ya mwaka, limechoka, baridi ya kipupwe imeondoka, kaskazi halijaingia, na mvua za vuli bado. Kwa hesabu ya kalenda ni Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Nikaenda mwisho wa Septemba na gari, probox ya kijana wa mtaani. Tulitoka Malindi saa tisa alasiri, saa kumi na kitu tuko langoni. Kiingilio unalipa pale pale, na mtu wa kukutembeza ni wa kijiji hicho hicho. Mchukueni, njia za chini zinafanana zote.

Wa kwetu alitushusha polepole, akatuhadithia wale matajiri wa zamani waliokuwa na ng'ombe wengi mpaka wakawa wanaoga maziwa, Mungu akawadidimiza na mji wao. Nyeupe ndiyo maziwa, nyekundu ndiyo damu. Nikamuuliza, na hii ya manjano? Akafikiri kidogo. "Hiyo, mama, labda samli."

Kutoka saa kumi na moja hivi ndipo unapoona ulicholipia. Jua likilala, ule weupe unaanza kuiva, waridi linakuwa chungwa, chungwa linakuwa kaa la moto, na kila mnara unatupa kivuli chake juu ya mwenzake. Nilipapasa ukuta mmoja, vidoleni ikabaki vumbi laini kama poda ya mtoto, ya waridi. Angalieni saa tu: mwanzo wa Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika kumi, si kama Februari ambapo linakawia karibu nusu saa zaidi. Muwe mmeshapanda juu kabla giza halijaingia, na tochi mkononi.

Tatizo ni moja, na hoteli hazitawaambia. Bahari yetu inapendeza wakati wa kaskazi, maji yametulia, ukipiga mbizi kwenye hifadhi ya bahari unaona samaki vizuri. Nyari inataka kinyume chake. Anayetaka vyote kwa safari moja itabidi aje na kaskazi, aiendee Nyari alfajiri, saa kumi na mbili na nusu awe tayari chini, saa tatu awe amekwisha kuondoka. Dereva akikwambia saa nne pia ni asubuhi, tafuta mwingine.

Nyari ya demani naipa nyota tano, ya Januari mchana moja, na hiyo ni ya kijana mmoja wa Marafa aliyembebea wifi yangu mkoba. Wifi mwenyewe ameshapiga simu, anataka kuja Desemba. Nimemwambia alete nguo za kuogelea.