Aya: Binti wa Yopougon kwa Msomaji Aliyelelewa na Sani

Muuza vitabu vilivyotumika katika barabara ya Samora alikuwa amekipanga kitabu hiki pamoja na vitabu vya dini, nadhani kwa sababu ya jina lake, ingawa jaladani yuko msichana asiye na dalili yoyote ya kuhubiri. "Aya" ni riwaya ya katuni iliyoandikwa na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, na kuchorwa na Mfaransa Clément Oubrerie. Ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2005 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya kitabu cha kwanza katika tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa. Nakala niliyoipata ni tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2007.

Hadithi inaanza mwaka 1978 huko Yopougon, mtaa wa wafanyakazi jijini Abidjan, enzi ambazo kakao na kahawa ziliiletea Kodivaa neema, na watu wamekusanyika mbele ya televisheni kutazama tangazo la bia. Aya, msichana wa miaka 19, anataka kusomea udaktari, ilhali rafiki zake Adjoua na Bintou wanawaza muziki na wanaume. Baadaye Adjoua anapata mimba, anamtaja mtoto wa tajiri kuwa ndiye mhusika, na vikao vya wazee vinaanza. Mtoto anafanana na nani, msomaji atajionea mwenyewe.

Kwetu sisi tuliokuwa tukigombania nakala moja ya Sani, jarida la katuni la Tanzania, nyumba nzima, umbea wa namna hii si mgeni, kwa kuwa wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili nao waliishi kwa hila na vituko vya mtaani. Kilichonishika hapa ni utulivu wa mchoraji. Oubrerie hupanga fremu sita karibu katika kila ukurasa, hategemei macho yaliyotoka wala jasho linaloruka, na kichekesho hukiacha kijitokeze katika namna mama anavyoshika kiuno au baba anavyojifanya hakusikia. Kurasa za soko usiku, ambako meza za wauzaji hugeuka kuwa mahali pa wapenzi kukutana, nilizirudia mara tatu.

Aya mwenyewe ndiye aliyenipungukia: anamshauri kila mtu, lakini hakosei, hivyo kisa kinabaki mikononi mwa Adjoua. Kurasa za mwisho zina mapishi pamoja na maelezo ya kufunga kitenge, jambo ambalo kwa msomaji wa Dar es Salaam linachekesha bila kukusudiwa.

Kasoro nyingine ni Kiingereza chake, ambacho ni nadhifu mno kiasi kwamba katika baadhi ya viputo vya maneno Bintou huzungumza kama aliyetoka shule ya bweni. Siku kitakapotafsiriwa kwa Kiswahili, ningependa kazi hiyo apewe mtu aliyekaa sana kibarazani Mwananyamala, maana utani wa Bintou hautafsiriki kwa kamusi.