Kutembea peke yako au taichi ya kikundi: asubuhi za Moshi

Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam aliyefariki mwaka 2022, alifundisha kutembea kwa kufuata pumzi: hatua mbili tatu ukivuta, mbili tatu ukitoa. Mimi hufanya hivyo Msitu wa Rau, chini ya mivule, kabla jua halijawa kali. Njia ina mizizi iliyochomoza. Kisigino kikigusa udongo wenye umande, unajua papo hapo kama akili imeshakutangulia sokoni Mbuyuni. Ikitangulia, nasimama, naanza upya. Hakuna anayenisubiri, na utamu wake uko hapo.

Taichi, mazoezi ya mwendo wa polepole yaliyotoka China, ni jambo jingine. Watu kumi uwanjani, magoti yamelegea kidogo, mikono inapanda pamoja taratibu kama inainua maji. Huwezi kuharakisha kwa sababu jirani yako haharakishi. Mzee anayeogopa kuanguka ningemshauri hii bila kusita: uzito unahamishwa polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mwili unajifunza kujishika. Ila inadai saa maalumu na mwalimu.

Nikiamka na huzuni nalifuata kundi, maana peke yangu kule Rau huwa nailea tu.