Sanduku la rozari zilizotumika: maoni ya fundi wa rozari

Muuzaji huyu wa vitu vilivyotumika ana sanduku moja la vitu vya Kanisa. Mimi huunga rozari zilizokatika, kwa hiyo ndilo hunipeleka kwake, na nampa sifa kwa jambo moja kubwa: rozari ikikatika, vipande vyake vyote huviweka katika mfuko mmoja. Wauzaji wengine huchanganya kila kitu. Hata hivyo, hesabu kabla ya kulipa. Rozari ya mafumbo matano ina shanga 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu.

Usimwamini kuhusu umri wa medali. Medali ya Miujiza, yenye sura ya Bikira Maria, huiita "ya mwaka 1830" kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Huo ni mwaka ambao mtawa Mfaransa Catherine Labouré alitokewa na Bikira Maria mjini Paris. Medali za kwanza zilitoka mwaka 1832, na hata zinazotengenezwa leo huandikwa 1830.

Kilichonigusa zaidi ni msalaba wa wagonjwa, ule wenye uwazi ndani: unasukuma kifuniko, unakuta mishumaa miwili na kichupa cha maji ya baraka. Mishumaa ilikuwa imeungua nusu. Kuna mtu alipakwa mafuta matakatifu mbele ya msalaba huu, ndugu zake wakiwa kando ya kitanda. Inaniuma kuona kitu kama hicho kikinunuliwa kiwe pambo la baa. Kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka vitu vilivyobarikiwa viheshimiwe hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi. Nimeupeleka kwa padre aubariki upya, nao sasa uko kwa familia yenye mgonjwa.

Ndani ya sanduku palikuwa pia na masalia ya mtakatifu (mabaki ya mwili wake au ya vitu vyake), katika kikopo chenye kioo na lakiri nyekundu nyuma. Kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia. Nilimweleza muuzaji, akanikabidhi nikayapeleke parokiani, hakutaka hata senti. Kwa hilo nitarudi kwake.

Lakini aache kubandika bei usoni pa Kristo! Karatasi ikae nyuma ya msalaba. Kwenye chuma, gundi ile hulainika kwa mafuta ya kula na kitambaa. Sanamu ya plasta usiipake mafuta, itaingia doa.