Ateri na vena, ipi ni ipi?

Jamani watu wengi wanachanganya hii mishipa, wanakariri tu eti ateri ina damu safi (yenye oksijeni nyingi) na vena ina damu chafu, sio hivyo kabisa. Ateri inatoa damu kwenye moyo, vena inairudisha, basi. Ndo maana ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo na bado inaitwa ateri.

Kwa sisi wa Dodoma chukulia yale maji ya visima vya Mzakwe, bomba linalotoka kwenye pampu linakula presha yote, so lazima liwe imara. Ateri ndo hivyo, ukuta wake mnene na unavutika, moyo ukidunda nayo inadunda, ndo ile unaisikia ukijishika kwenye kifundo cha mkono, na ikikatwa damu inaruka kwa mapigo sio mchezo.

Vena sasa imepoa, ukuta mwembamba, presha kiduchu, ila damu nyingi ya mwili muda wowote iko humo. Shida yake ni kupandisha damu toka miguuni, kwahiyo ina vali za kuzuia isirudi chini, na misuli ya miguu ukitembea inaisukuma. Mama anayesimama na nyanya zake soko la Majengo toka asubuhi bila kutembea, jioni miguu imevimba, damu imetuama kwenye vena.

Na ukienda kupima damu nesi anachoma vena, iko juujuu na haina fujo.